Waya wa Mashine ya Kunyolea

Benchi lilikuwa ubao juu ya matofali, kati ya meza ya Soli, fundi viatu, na mlango wa kinyozi. Asubuhi hiyo hapakushonwa kiatu. Mezani, kando ya kopo la gundi, palikuwa na kompyuta ya kuazima, na ubavuni mwake waya ulioshika kibao kidogo cha elektroniki, kama biskuti, kinachofuata maagizo ya kompyuta. Soli alitaka mgeni akibonyeza kitufe mlangoni, kibao kiwashe taa sebuleni, maana mama yake hasikii tena. Wiki iliyopita dada yake mkubwa aligonga saa nzima kwenye mvua, mama yuko ndani anachambua mchele. Dada hakugomba. Alisema tu kwamba Jumamosi anakuja kumchukua mama akakae kwake. Leo Ijumaa, na Soli roho ilikuwa inamuuma kweli.

Somo la kwanza kati ya yale aliyoyapata mtandaoni lilikuwa jepesi: andika mistari mitano, itume kwenye kibao, kitaa chake kiwake na kuzima. Kuandika kaandika. Kutuma ndiko kulikomshinda.

– Kompyuta inasema haioni kitu, – alisema Soli.

– Haioni nini, na hiyo taa nyekundu ya kibao inawaka? – alidakia Kamusi, kinyozi, mwenye waya. – Waya wangu mzima. Hiyo kompyuta inaringa.

Mzee Breki, dereva mstaafu, alijimiminia kahawa.

– Hairingi. Kitu kipya hakikimbizwi. Gari jipya mimi nililiendesha polepole wiki mbili. Kiache kipate moto.

– Wiki mbili! Dada anakuja kesho, Mzee wangu.

– Mwambie naye apunguze mwendo.

– Mimi nasema hakijasajiliwa, – Kamusi akapandisha sauti. – Laini ya simu inataka kitambulisho, sembuse kitu chenye akili?

– Kitambulisho cha nani?

– Cha mama. Si ndiye mwenye taa?

– Acha hizo, – alisema Mzee Breki. – Hicho ni kama mlinzi wa benki. Kimeapa kutunza siri. Hata ukikibembeleza hakisemi.

Soli alicheka kwa shingo upande. Akachomoa, akachomeka, mara ya ishirini. Kimya.

Hapo akafika mama wa duka la fotokopi, kisigino cha kiatu kilichong'oka mkononi. Akaketi, akavua kiatu, akamkabidhi Soli, mguu mtupu akauweka juu ya gazeti. Aliwasikiliza kidogo, kisha akauliza:

– Samahanini, huu waya umewahi kuhamisha hata picha moja?

Kamusi alitazama ndani ya kikombe chake.

– Ni wa mashine ya kunyolea, – akasema mwishowe.

– Basi huo unapitisha umeme tu. Ndiyo maana taa inawaka, lakini ujumbe haufiki. Dukani wananiletea nyaya za namna hiyo kila siku.

Akatoa wake mkobani. Soli akachomeka, na jina la kibao likatokea kwenye skrini. Akatuma. Kitaa cha kijani kikawaka, kikazima, kikawaka. Soli alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, na hakujali nani anamwona.

– Nikichomoa kitasahau?

– Hakisahau. Mistari yako imeshakaa humo. Sasa hata waya wa kinyozi unatosha, kipe umeme tu.

– Sikuwaambia ni mzima? – alisema Kamusi.

– Kitufe ni somo la tatu, – alisema Soli, tayari amesimama. – Jioni nitakuwa nimelifikia. Lakini mama aone hii kwanza. Akimwambia dada mwenyewe kwamba ameiona, nani atabisha?

Akabeba kibao, waya wa Kamusi na chaja ya mfukoni ya Mzee Breki, akaondoka mbio. Alikuwa amefika kwenye kona aliposikia nyuma yake:

– Na kiatu changu je?

Kiatu kilikuwa kwapani mwa Soli.