Sugeng Kumi na Mmoja Kabatini

Benchi la kibanda cha kahawa cha Yu Painem, hapa Klaten, linabeba watu watatu na nusu. Nusu ni mimi, niliyezunguka bandari zote na kurudi na kitambi tu. Asubuhi ile Sugeng seremala alikuja na kompyuta kaivisha taulo kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na sauti za gamelani ya kijiji, zile ala za shaba za kugonga za babu zetu. Wapigaji wake, kabaki yeye peke yake: wengine makaburini, wengine viwandani ng'ambo. Miezi minne alijifungia kwenye kabati la nguo za mkewe, akarekodi chombo kimoja kimoja, kisha akavipandanisha. Upatu mkubwa tu ulikataa kuingia, akaacha mlango wazi.

Akatuwashia. Nikasahau kikombe mkononi.

— Nimesikia watu kumi na mmoja, nikasema.

— Wote mimi.

— Muongo wewe, akasema mzee wetu, Pak Darmo, tunayemwita Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia chuo kikuu. Nani alikuwa anampa nani ishara?

— Nilikuwa namsikiliza Sugeng wa jana, naye alimsikiliza wa juzi.

— Basi hao kumi wa nyuma wamo humo mpaka sasa. Wanakula nini?

— Umeme, nikasema.

— Wewe cheka, Mas Bandari, akaniambia Profesa. Siku wakitoka kudai chakula, watakuja kwako, ndiwe mwenye akiba kiunoni.

Sugeng hakucheka.

— Nataka kuituma mtandaoni leo. Lakini mashine inasema sauti zetu zote zimepinda. Kuna kitufe hapa, nikikibonyeza inazinyoosha zifuate kinanda.

— Bonyeza, akasema Profesa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hii ni shaba, Pak. Ina miaka themanini.

— Ndiyo maana imepinda. Mimi nahisi babu zetu walikuwa viziwi. Kijiji kizima. Wakapatana kwa kuangaliana.

— Mbona gamelani ya kijiji cha pili nayo haipatani na yetu? nikauliza.

— Viziwi wa aina nyingine.

— Watu watatucheka, Sugeng akasema. Watasema huyu hajui hata kulinganisha sauti.

Kidole chake kilikuwa kimeshakisogelea kile kitufe. Muziki bado unalia, Bu Yatni, mama muuza dawa za mizizi, akapita na kapu lake mgongoni. Akasimama. Akatua kapu.

— Hiyo si ya kwetu?

— Umejuaje, Bu? Hata hujakaa, Sugeng akauliza, akamweleza na habari ya kitufe.

— Nimezaliwa inapigwa, nikaolewa inapigwa. Sasa ukiinyoosha ifanane na za watu, binti yangu Ratri, huko kiwandani Taiwan, ataijuaje?

Profesa akafungua mdomo, akaupa kahawa. Mimi nimesikia vinanda bandari kumi na saba, na hakuna hata kimoja kilichoniambia niko wapi.

Sugeng akaondoa kidole. Akaituma ilivyo, na mpindo wake, na sauti ya mjusi aliyelia kabatini wakati wa kurekodi. Wa kwanza kupelekewa, Ratri.

Yu Painem alikuwa anakung'uta masimbi ya kahawa ya mwisho simu ya Bu Yatni ilipolia. Mwenye simu akamkabidhi Sugeng asome, maana miwani kaiacha nyumbani.

— Anasema, "Mama, nimeisikia, nimekaa chini kwenye ngazi za kiwanda. Wapigaji wamerudi wangapi?"

Sugeng akaichukua taulo, akaanza kuifunika kompyuta polepole, kama mtu anayefunika waliolala.