Nesi Aliuliza, Nikadanganya

Bwana asifiwe, kanisa! Leo nitasema.

Mimi ni Rispa, fundi wa nguo hapa mtaa wa Kongo, Kawangware. Mama yangu alikuwa anaishi Soweto West, Kibera. Mwaka jana aliteleza mtaroni, akavunjika nyonga. Hospitalini wakasema lazima afanyiwe operesheni. Nesi akaniuliza, "Mama huwa anasahau-sahau?"

Ndugu zangu, nilisema hapana! Na nilijua. Mama alikuwa ameanza kupotea akienda kwake mwenyewe, majirani wanamrudisha. Niliona aibu. Tena niliogopa wakijua watakataa kumtibu.

Akadungwa dawa ya usingizi, akapasuliwa. Aliyeamka sikumjua. Aling'oa dripu, akanipigia kelele, "Wewe ni nani? Umemweka wapi Rispa wangu?" Wiki zikapita. Kelele ziliisha, lakini jina langu halikurudi.

Nilimhamishia kwangu. Nikatangazia majirani wote wa ploti kwamba daktari ameua akili ya mama. Na nikienda kushona, nilimfungia ndani kwa kufuli. Ndiyo, kufuli! Nilimsikia akigonga mlango, nikaendelea kutembea. Nikipiga magoti, maombi yalikuwa hayatoki.

Siku moja kliniki, daktari akarudia lile swali la nesi. Nikalia, nikamwambia yote.

"Ungesema, tungemwangalia kwa karibu zaidi," akasema. "Wazee wanaosahau ndio huchanganyikiwa sana baada ya operesheni. Lakini mfupa ulihitaji kuungwa, na ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Siwezi kukuambia ni dawa ya usingizi iliyoleta yote."

Hakuniondolea kosa. Lakini uongo niliobeba miezi yote ulinitoka pale pale! Nilirudi nyumbani nikamwomba mama msamaha, akaniangalia tu. Nikamwomba Mungu. Huyo alinisikia! Siku hizi kina mama wa kanisa hili wanashinda na mama kwa zamu, na mlango uko wazi. Mungu awabariki!

Mama hajapona. Ananiita dada. Asubuhi hii nikimvisha soksi aliniuliza kama niko na mama. Nikasema, "Niko naye." Akaniambia, "Basi mtunze."

Ndugu zangu, kama kesho unampeleka mzazi wako kupasuliwa, sema ukweli wote kabla hajalazwa usingizi. Halafu mkabidhi kwa Mungu. Mimi nilikuja kwake nimechelewa, na bado alinipokea. Njoo hata wewe.