Maana ya Kushauriana

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Jeruto, niinulie mto. Chepchumba, wacha kulia kwanza, utalia nikimaliza. Na wewe Kigen, jana ulizungumza kwa simu na wakubwa wako wa Nairobi pale barazani ukidhani nimesinzia, lakini mgonjwa hufumba macho tu, masikio hubaki wazi, kwa hiyo najua wanachokutaka, na nitafika huko.

Nianze na shamba. Shamba hili la Njoro ni lenu nyote watatu, wasichana sawa na mvulana, na atakayewaambia mila inakataa, mwambieni niliijua mila kabla hajazaliwa. Kigen atakuwa msimamizi kwa kuwa ndiye kifungua mimba, ila asiuze wala asikodishe hata kipande bila kushauriana na dada zake. Neno ni hilo, kushauriana, na ndilo lililonizuia kufa usiku wa jana.

Mnamjua Kipkemoi wa ng'ambo ya mto, na mnajua hatusalimiani. Alikuwa mwenyekiti wa josho la ng'ombe, na tulikubaliana hatabadilisha lolote bila kushauriana na kokwet, baraza letu la majirani, ambako hata mjane asiye na mbuzi husikizwa, na mzee hutoa neno lake mwisho, wote wakishasema. Yeye akatungoja njiani tukitoka kanisani, akamsalimia huyu, akamsalimia yule, akatuambia josho atalifunga apande viazi. Tulipolalamika akajibu kwamba si alituambia, basi tumeshauriana. Kupe wakazidi, homa ya ndigana ikatumalizia ndama. Leo nimemsamehe. Mwalikeni mazishini, akae mbele, na msimtajie josho hata kidogo, ingawa viazi vyenyewe havikuzaa vizuri.

Sasa sikilizeni jambo kubwa zaidi. Nimeishi chini ya marais kadhaa, na sisemi ni watu wabaya. Kiti chenyewe kina kiu. Mtu huapa kwa katiba mbele yetu sote, kisha huanza kuisoma, na kila akiisoma huona humo nguvu ambazo aliyemtangulia hakuziona. Palipoandikwa anaweza, husoma asizuiwe; palipoandikwa lazima, husoma akipenda. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Zamani walikwenda bungeni kuyabadilisha maneno yenyewe. Tangu tupate katiba hii mpya maneno ni magumu kung'oa, na hilo ni jema, tulilipigania, lakini mwenye kiu hatulii, sasa hutafuta vijana wasomi wambadilishie maana.

Kijana msomi ni wewe, Kigen, mwanasheria wa serikali. Wakubwa wako wanataka uandike kwamba katiba ikisema rais atateua baada ya kushauriana na tume, inatosha tume ipewe habari. Jumatatu wanangoja sahihi yako. Ukikataa, kazi huna, na una watoto kule Kiamunyi. Silidharau hilo, mwanangu, linaniuma kuliko kifua hiki.

Andika upendavyo, sitakuzuia. Lakini Kiswahili hakina kushauriana kwa Ikulu na kushauriana kwa Njoro. Kama maana yake ni kuarifu, basi nikishazikwa unaweza kumpigia Jeruto simu umwambie shamba limeuzwa, atoe ng'ombe wake, na utakuwa umetimiza wosia wangu. Ndiyo sababu nimewaita dada zako wawe mashahidi. Waambie kwa kinywa chako neno hilo maana yake ni nini. Watakalolisikia ndilo litakalowalinda, na ndilo utakaloliandika Jumatatu.

Chepchumba, nipe maji kidogo... Asante.

Sikusikia, Kigen. Rudia.

“Ni kukaa na mwenzako kabla hujaamua, Baba, ukiwa tayari akubadilishe nia.”

Jeruto, umesikia? Chepchumba? Basi shamba sasa ni lenu kweli, na nchi nayo imepata kaukuta kadogo. Msidhani ni kadogo mno. Wako wengine kama huyu katika ofisi nyingine, nami naamini wako, na kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vipo.

Nizikeni kando ya mama yenu. Mwanasiasa akija apewe chai, asipewe kipaza sauti. Mkikosana, mkae chini mpaka aliye kimya aseme, ndipo muinuke. Kazi ikipotea, Kigen, ng'ombe wapo, na dada zako hawatakuacha ulale njaa. Mungu awape maziwa na mvua... awape watoto wasioogopa... mkae pamoja, mkae...

Nipe mkono, Kigen. Unaogopa. Si kitu, mwanangu. Andika hivyo hivyo, ukiogopa.