Mzee Breki na Kengele ya Mgodini

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Mzee Breki, mwendesha winchi, ile mashine ya kushusha na kupandisha watu mgodini. Ametutoka wiki hii. Breki ni jina la utani, kwa kuwa alikawiza kila safari. Hata gari la harusi ya bintiye alilizuia lisiondoke mpaka kila mtu ameketi. Bibi harusi alinuna, wakwe wakacheka.

Mgodi ulifungwa, ukawa makumbusho. Wageni wakaja kutazama mawe ya madini, kofia na sururu. Mzee hakukanyaga pale. Miaka mingi nyuma, maji yalipovamia mgodi, msimamizi alimfokea, "Pandisha!" Akapandisha kabla walio chini hawajapiga kengele. Mdogo wake akabaki huko. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Bintiye, mtembeza wageni pale, alimbembeleza mpaka akakubali kuja. Siku hiyo mjukuu wake alikuwa ameshuka chini na wageni. Mzee anatazama mawe kwenye kabati la kioo, mara pampu ya kutoa maji mgodini ikazimika. Maji yakaanza kupanda kule chini. Mkwewe, ndiye aliyekuwa kwenye winchi, akauachia mpini.

"Baba, nisaidie," akasema.

Mzee akashika mpini wa winchi. Kengele mara tatu ndiyo ruhusa ya kupandisha watu. Mara tatu, si vinginevyo. Kengele kimya.

"Pandisha, baba, watakufa," binti akalia.

"Sijasikia kengele."

"Mwanangu yuko chini!"

"Najua. Ndiyo maana nasubiri."

Moyo ulimwambia vuta, mkono ukakataa. Wasikilizaji, ninyi mngesubiri? Mimi nisingeweza, nawaambia ukweli.

Kengele ikalia. Mara tatu. Akapandisha taratibu. Mlango wa kizimba kilichowabeba ukafunguka, mjukuu akatoka amelowa hadi magotini.

"Niliteleza nikaanguka kabla sijaingia," akasema. "Wakarudi kunivuta, ndipo tukapiga kengele."

Hapo mzee akaketi chini, akalia. Bintiye anasema hakuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Alichosema ni hiki tu: "Kumbe mdogo wangu naye alikuwa njiani."

Kwa mjane, binti, mkwe na mjukuu, poleni sana. Mola ampumzishe mzee wetu.

Na wewe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwako yuko mtu anayewakawiza kila siku. Usimfokee kwanza. Muulize anamsubiri nani, maana sisi Mzee Breki hatukumuuliza.