Zorzi Fornasier na Pua ya Mtakatifu Marko

Marehemu Zorzi Fornasier alizaliwa tarehe 3 Machi 1738 katika parokia ya San Martin, hapa Venezia, mtoto wa mwoka mikate. Kusoma alifundishwa na padri. Kuchonga alifundishwa na mjomba wake, katika kiwanda cha sarafu cha Jamhuri.

Alichonga mihuri ya chuma ya kupigia dukati, sarafu ya dhahabu ambayo juu yake mkuu wetu, Doge, amempigia magoti Mtakatifu Marko. Ujanani, damu ikimchemka, alimnyoosha mtakatifu pua. Sarafu zikaenda Aleksandria, zikarudi zote. Wafanyabiashara wa kule walisema, "Huyu hatumjui. Tuleteeni yule wetu mwenye pua ya kombo." Mjomba alifoka: "We Zorzi, nani kakutuma umrembe mtakatifu? Dunia inamwamini hivyo hivyo alivyo!" Tangu hapo marehemu hakuongeza wala hakupunguza hata unywele.

Mwaka 1764 alimwoa Cattina, mtunga shanga. Mama huyu alidai jambo moja tu maishani: mumewe amchonge uso.

"Nimekula kiapo, mke wangu. Patasi zangu ni za Jamhuri."

"Haya, basi Jamhuri ikupikie ugali wako wa polenta!"

Tarehe 12 Mei 1797 Jamhuri ilikata roho mikononi mwa Wafaransa. Zorzi alilia mbele za watu bila haya, kisha akarudi nyumbani na patasi zake. "Cattina, kaa hapo dirishani." Alichonga kipande cha shaba siku kadhaa. Alipokifuta vumbi, lo! Alikuwa Mtakatifu Marko yule yule, pua kombo, kakosa ndevu tu. Mkono ulishazoea. Zorzi aliona aibu, akataka kukitupa mferejini, mkewe akamnyang'anya.

"Heri umeninyoa, mume wangu," alisema, akakivaa shingoni.

Kifua kilianza kumbana Novemba mwaka jana. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 1804, baada ya kupakwa mafuta matakatifu.

Ameacha mjane, Cattina, binti yake Lugrezia, mwanawe Polo, na wajukuu. Asubuhi hii Polo alitaka kile kipande cha shaba kiwekwe jenezani pamoja na baba. Mama alikifumbata.

"Thubutu! Mkono wake ulijua uso mmoja tu, akanipa mimi. Sikitoi."

Lala salama, Zorzi. Hakuna tena wa kukurudishia kazi.