Maji Yasikatike: Maisha ya Mama Hedi Lewinson

Wafiwa na majirani wa Usagara, poleni kwa msiba, na wazee wetu shikamooni. Binti wa marehemu, Lea, yuko Haifa, Israeli, na telegramu yake imefika leo asubuhi ikiomba historia hii isomwe na Dorkasi Noa, aliyeshona pamoja na mama yake miaka kumi na mitano.

Marehemu Hedviga Lewinson, tuliyemwita Mama Hedi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1881 katika mji wa Breslau, Ujerumani, akasoma shule ya wasichana hapo hapo hadi mwaka 1896, kisha akajifunza ushonaji. Mwaka 1904 alifunga ndoa na Mwalimu Yulius Lewinson, wakajaliwa watoto wawili, Martin na Lea. Novemba 1938 nyumba yao ya ibada ilichomwa moto na Wanazi, kwa kuwa walikuwa Wayahudi, na tarehe 3 Juni 1939 wakashuka bandari ya Tanga wakiwa wazee tayari, wakimfuata Martin, aliyekuwa fundi mitambo katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Martin alifariki kwa homa mwaka 1943, na Mwalimu Yulius akafuata mwaka 1947.

Mama Hedi alishona sare za shule, na mshono uliopinda hakuusamehe, alisema neno moja tu, "Fumua." Watu aliwaamkia "sabalkheri" hata alasiri, wala hakuna aliyemsahihisha. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, wazee wenzake Wayahudi walikusanyika kwake kuipokea Sabato, mbele ya mishumaa iliyokwisha kupindishwa na joto, na kila mwaka viti vilipungua.

Kazi yake nyingine wengi hamkuijua. Yeye na rafiki yake Bi Frida ndio waliowaosha wanawake wa Kiyahudi waliofariki hapa, wakawashonea sanda isiyo na mfuko wala fundo. Kwa desturi yao maji humiminwa juu ya maiti bila kukatika, mtungi wa pili ukianza kabla wa kwanza haujaisha, kwa hiyo lazima waoshaji wawe wawili.

Alhamisi tarehe 23 Agosti 1956, Bi Frida mwenyewe alifariki, na mazishi hayangeweza kupita Ijumaa, kwa kuwa jioni ile Sabato inaingia. Mama Hedi alikuwa na miaka sabini na mitano, na mwanamke mwingine wa kwao hakuwepo. Akasema atamwita Bi Salme, mwanamke wa Pemba, muosha maiti wa mtaani, na Mzee Abrahamu, aliyeongoza sala zao, akakataa, akisema mtu wa dini nyingine hawezi kuigusa kazi ile.

Mama Hedi akamjibu, "Mzee Abrahamu, maji yasikatike, ndiyo sheria. Mwanamke wetu wa pili yuko wapi? Mlete." Kisha akashika fimbo yake akaenda kwa Bi Salme.

Bi Salme alimwamkia, akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Maiti wa mwanamke haachwi hivi hivi, bibi. Nionyeshe tu, kwenu mnaanza upande gani?"

"Kuliani."

"Basi na sisi kuliani," akasema Bi Salme, akatafuta kanga yake wakatoka.

Siku ile Mama Hedi alirudi akakaa kwenye cherehani bila kushona, na Dorkasi alipomletea chai, Mama Hedi akamwambia kwamba Frida ameoshwa vizuri, ndipo akalia. Tangu hapo alimfundisha Dorkasi kushona sanda, na ya kwanza ikafumuliwa mara tatu.

Juni 1958 alianguka akavunjika nyonga, akalazwa hospitalini wiki tisa, kisha moyo ukadhoofu, na jana, Jumatatu tarehe 9 Februari 1959, akafariki nyumbani kwake. Ameoshwa na Bi Salme na Dorkasi, mitungi ikipokezana, na dua zimesomwa nje ya pazia na Mzee Abrahamu, ambaye ndiye aliyetuma watu wamwite Bi Salme.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomletea uji, wazee wenzake sita waliobaki, wateja wake, na Bwana Mwinyijuma aliyetoa gari.

Mama Hedi, nawe upate pumziko la amani uliyowatengenezea wenzako.