Hodi ya Ronny Mweri Tsuma Katika Njia ya Nguu Tatu

Jumapili, tarehe 10 Agosti 2025, tulikuwa kanisani, matangazo yakisomwa, simu yangu ilipotetemeka ndani ya mkoba. Mimi ni Dorothy, dada yake marehemu. Nilitoka nje nikapokea chini ya dirisha la kwaya. Muuguzi aliniuliza kwanza kama nimesimama na mtu. Niliporudi ndani, mama yetu Margret alikuwa ananitazama tangu mlangoni. Hakuuliza. Alivua miwani yake, akaikunja, akaiweka katikati ya Biblia, na ibada ikaendelea bila yeye kuinua uso tena. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyojua kwamba Ronny ametutoka.

Marehemu Ronny Mweri Tsuma alizaliwa tarehe 3 Mei 1989 hapa hapa Mjambere, Kisauni, katika nyumba iliyo nyuma ya turubai hili. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Tsuma Mweri, aliyefanya kazi kiwandani Changamwe, na Mama Margret. Jina la Mweri alilirithi kwa babu yake. Alibatizwa Disemba ya mwaka huo huo. Mama husimulia kwamba alilia kuanzia mlango wa kanisa mpaka maji yalipomgusa, kisha akanyamaza, na mchungaji akasema, "Kumbe huyu alikuwa na kiu tu."

Alianza shule ya msingi hapa Mjambere mwaka 1996 na kumaliza darasa la nane mwaka 2003. Alisoma sekondari hapa Kisauni kuanzia 2004 hadi 2007. Walimu wake walisema ana akili, ila akili hiyo hukaa dirishani, kwa sababu dirishani kilionekana kilima cha Nguu Tatu. Baba alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi ya kwendea kazini. Wiki za zamu ya usiku baba alilala mchana, na Ronny aliichukua. Hakufika kitini, kwa hivyo alipitisha mguu chini ya fremu na kuendesha akiwa ameinama upande mmoja. Siku moja baba aliamka akaizunguka ile baiskeli.

"Ronny, baiskeli hii ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imelala, baba."

"Basi imeota ndoto ndefu. Matairi yana udongo wa Nguu Tatu."

Alichapwa siku hiyo. Baba alitueleza sote kwamba hakumchapa kwa ajili ya baiskeli, alimchapa kwa ajili ya lile jibu.

Baada ya shule marehemu alisambaza mikate kwa baiskeli katika maduka ya Kisauni kwa miaka mitano. Mwaka 2014 alifungua kibanda chake cha kutengeneza baiskeli kando ya barabara. Mikono yake ilikuwa mizuri. Watu walimletea baiskeli za milimani, zile za matairi mapana, kutoka Nyali na Mkomani, na kuanzia mwaka 2016 akawa anawaongoza wenyewe kupanda Nguu Tatu kila Jumamosi na Jumapili. Wengi wenu mliovaa fulana za kijani leo ni wanafunzi wake.

Alimwoa Waridi, binti wa Mtongwe, tarehe 9 Disemba 2017. Siku ya kwenda kujitambulisha alivuka feri na baiskeli yake, akafika amelowa jasho. Shangazi zake Waridi walimtazama, wakaitazama na baiskeli.

"Binti yetu utamweka wapi, kwenye keria?"

"Mbele, shangazi," alijibu. "Nimwone."

Walicheka, na neno lake likakubaliwa siku hiyo hiyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tsuma na Margret mdogo. Alikuwa baba mpole. Alimsuka binti yake nywele kibandani, akiwa na grisi vidoleni, na mtoto akaenda kanisani ananukia mnyororo.

Sasa tunafika mahali ambapo familia inaona aibu. Juzi, tulipokaa kuandika wasifu huu, baba yetu mdogo, Mzee Ruwa, alisema sehemu hii itolewe.

"Wasifu si kizimba cha mahakama," alisema. "Maiti husemwa kwa mazuri yake."

Mama akamjibu, "Mazuri yake yamesomwa, shemeji. Hili amelisema mwenyewe, na ameagiza."

Kwa hivyo ninalisoma.

Njia za Nguu Tatu si za baiskeli peke yake. Wanapita akina mama wanaotoka kutafuta kuni, wenye mashamba, watoto wa shule, na siku hizi hata watu wa mjini wanaotembea kwa ajili ya afya. Baiskeli zilipoanza kuteremka kwa kasi kulikuwa na vilio. Mbuzi mmoja alivunjika mguu, mtoto akasukumwa kwenye miiba. Mwaka 2018 kuliitwa kikao chini ya kilima. Waendesha baiskeli walitaka wenye miguu wapewe njia yao, na wenye miguu walitaka baiskeli zisionekane tena. Aliyewapatanisha ni Bi Mwanatabu, mama mtu mzima ambaye nyumba yake iko pale njia inapoanza kupanda. Alisema, "Njia hii inapita uani kwetu. Na mtu haingii uani kwa watu bila hodi. Mkifika konani, pigeni hodi. Mtu akiwaitikia karibu, piteni. Akisema ngoja, ngojeni ajiweke kando na mzigo wake. Kuna ugumu gani?"

Ronny aliipenda kanuni hiyo. Aliwafundisha wote aliowaongoza, na hakumpeleka mtu kilimani kabla ya kumsikia akipiga hodi kibandani kwa sauti ya kutosha. Njia ikawa na utani. Ukipiga hodi kwenye kona utasikia, "Karibu, lakini chai imekwisha." Au, "Karibu, vua viatu." Wageni walimsifu Ronny kwa ubunifu wake. Naye, tunasema kwa aibu, hakuwaambia kwamba ulikuwa ubunifu wa Bi Mwanatabu.

Jumamosi ya tarehe 22 Julai 2023 aliteremka akiwa mbele, wenzake wako mbali nyuma. Alikuwa na simu inayopima mwendo wa kila anayeteremka kilima kile, na jina lake lilikuwa la pili kwa kasi. Alitaka liwe la kwanza. Kwenye kona ya mkorosho alipiga hodi. Bi Mwanatabu alikuwa upande wa pili na kikapu cha muhogo kichwani. Akaitikia, "Ngoja, mwanangu," akaanza kukitua. Baiskeli ikamkuta ameinua mikono miwili. Alivunjika nyonga.

Marehemu hakumkimbia. Yeye na rafiki yake Kioko walimbeba kwa shuka mpaka barabarani, wakampeleka hospitali, na Ronny alilala kwenye benchi la wodi mpaka asubuhi. Lakini pale barabarani, watu walipokusanyika na kuuliza imekuwaje, alisema, "Nilipiga hodi. Bibi hakusikia."

Watu walimwamini, kwani nani asiyejua kwamba Ronny ndiye mwalimu wa hodi? Bi Mwanatabu alisema tangu kitandani kwamba aliitikia. Walimwambia, "Pole, bibi, masikio nayo huzeeka." Sisi wa nyumba hii tulilirudia neno la ndugu yetu sokoni na kanisani. Bi Mwanatabu alipotoka hospitali na fimbo yake, watu walianza kumsalimu kwa kupaza sauti, kama mtu anayeita upande wa pili wa barabara. Kioko alikuwepo siku kijana mmoja alipomwinamia sikioni akapiga kelele, "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu," alijibu taratibu. "Hata ungenong'ona ningesikia. Mimi nimevunjika nyonga."

Marehemu aliacha kupanda kilima tangu mwaka huo. Baiskeli yake aliitundika ukutani kibandani na kusema mgongo unamsumbua. Waridi alimwuliza mara nyingi, naye akajibu ni mgongo.

Mwezi wa Machi mwaka huu alianza kuumwa tumbo na macho yakawa ya manjano. Mwezi wa Aprili madaktari walisema ni saratani ya ini, nayo imekwenda mbali. Alivumilia. Aliomba tusiimbe nyimbo za huzuni chumbani mwake, na tukiimba vibaya alitusahihisha. Mwanzoni mwa Julai alilazwa. Siku moja alasiri, mama, Waridi na mimi tukiwa kando ya kitanda, alisema, "Yule mama aliniitikia. Nilimsikia. Alisema ngoja, nami sikushika breki."

Mama alimwuliza, "Ulimsikia vizuri?"

"Vizuri kama ninavyokusikia wewe."

Waridi aliendelea kumkanda miguu.

Alinituma kwa Bi Mwanatabu pamoja na Kioko, tumwombee radhi. Bi Mwanatabu alitukaribisha, akatupa maji, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Poleni na mgonjwa. Namwombea, wallahi namwombea. Lakini hodi haitumwi mtu. Alinisingizia mbele ya watu, mwambieni aje mwenyewe, aseme mbele ya watu. Radhi yangu iko hapa barazani, haijenda popote."

Tulipomfikishia jibu hilo alisema ni haki yake. Tarehe 2 Agosti alitaka kwenda. Alijiinua akakaa ukingoni mwa kitanda, akaomba viatu. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia, na daktari alikataa. Alikaa kitambo akivitazama. Ndipo aliponiambia, "Basi, dada, andika wewe. Uweke kwenye wasifu. Siku hiyo watakuja wote, hata wasionipenda, maana watajua kuna pilau. Usiandike kwamba ilikuwa ajali. Andika kwamba alisema ngoja na mimi nilimsikia."

Nimeandika. Mbele yenu nyote, familia ya Mzee Tsuma inasema kwamba Bi Mwanatabu si kiziwi na hakusema uongo. Ndugu yetu ndiye aliyesema uongo, nasi tukausambaza. Tunamwomba radhi yeye na watu wake. Anayemsalimu kuanzia leo amsalimu kwa sauti ya kawaida.

Marehemu alifariki tarehe hiyo 10 Agosti, saa nne kasoro asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Waridi alikuwa amemshika mkono. Ameacha mama, Margret, mke, Waridi, watoto wawili, Tsuma na Margret, dada, Dorothy, baba mdogo, Ruwa, shemeji, wapwa, na marafiki wa kilimani ambao aliwahesabu kama ndugu.

Jana Ijumaa tulimtoa chumba cha maiti saa nane mchana. Mama alisema tusije nyumbani moja kwa moja. Gari liliegeshwa chini ya kilima, na Kioko na wenzake watano wakalibeba jeneza mabegani mpaka mbele ya nyumba ya Bi Mwanatabu. Majirani walitoka kutazama. Mzee Ruwa, ambaye hakutaka haya yasomwe, ndiye aliyesogea mlangoni, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Alivua kofia akapiga hodi.

Sauti ilitoka ndani. "Ngojeni."

Tukangoja. Jua lilikuwa kali. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama jeneza liwekwe chini, Kioko akatikisa kichwa. Hakuna aliyepiga hodi ya pili. Tulisikia kitu kikisogezwa ndani, kisha fimbo sakafuni, ikija polepole. Mlango ukafunguka.

"Nilikuwa natafuta fimbo," alisema. "Karibuni."

Walimweka Ronny barazani juu ya viti viwili. Kioko alifungua sehemu ya usoni. Mzee Ruwa alieleza mbele ya majirani wale wale yale mliyoyasikia sasa hivi, kwa maneno machache. Bi Mwanatabu alisikiliza. Aliinama akamtazama Ronny kwa muda mrefu, akamtengeneza kola ya shati iliyokuwa imekunjika. Alisema, "Umekuja mwenyewe. Nimekusamehe, mwanangu." Kisha akamwambia Mama Margret waketi, na wakaketi, kila mmoja upande wake wa jeneza, mpaka kivuli kikafika barazani. Alipoona inatosha alisema, "Mpelekeni sasa. Kesho nitakuja nisikilize."

Amekuja. Yuko hapa mbele, karibu na mama.

Bwana aisikie hodi ya mtumishi wake Ronny, amwitikie karibu, ampe kupumzika.